Chumba cha Mabanzi, Elburgon

Wageni huja Elburgon kuona nyumba za mbao za walowezi na kutembea msituni. Mimi nilivipita vyote. Nilitaka kuona chumba kimoja cha mabanzi, kwenye laini ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, nilikozaliwa miaka arobaini na kitu iliyopita.

Kiwanda hakipo. Laini imebaki nusu, na vyumba vyote vinafanana. Nikakumbuka kwamba utotoni nilihesabu hatua kumi na nane kutoka bombani hadi mlangoni. Bomba lilikuwepo, limekauka. Nikapiga picha kwa simu, nikaanza kuhesabu, nikifupisha hatua ziwe za mtoto.

Nilipofika kumi na tano, mwanamume aliyekuwa akipasua kuni aliweka shoka chini.

"Boss, unapimia nani?"

"Sipimi. Nahesabu tu."

"Hata yule wa mwaka jana alikuwa anahesabu tu."

Huku kwetu, mtu anayetembea hatua hatua kwenye uwanja wa watu huku akinong'ona namba amekuja kukata ploti. Nilijua hivyo. Furaha ilinisahaulisha.

Mlango niliokuwa nikiuelekea ukafunguliwa. Akatoka mama mzee mwenye sweta mbili, kisu cha kukatia sukuma wiki mkononi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, shosho. Nilizaliwa humu. Mlango huo hukwaruza chini, na nyuma ya kitanda kuna dirisha lililopigwa misumari."

Nilidhani ushahidi huo ungeniletea chai. Uso wake ulikauka.

"Kwa hivyo ni wewe mwenye chumba. Nilijua siku moja mwenyewe atakuja."

Alisema aliingia humo na watoto kiwanda kilipofungwa, na hana karatasi yoyote. Kila nilichokumbuka kilikuwa kinamtoa nje.

"Sidai kitu. Nataka kuona tu."

"Wote huanza kwa kuona."

"Leo kuona, kesho vigingi," mwenye shoka akaongeza.

Nikautazama mlango ule, kisha nikasema, "Nimekosea, shosho. Yetu ilikuwa laini ya chini."

"Ya chini iliungua kitambo," mwanamume akasema.

"Basi ndiyo hiyo."

Hakuna aliyeniamini. Shosho akanyoosha kisu kuelekea simu yangu. "Futa picha."

Nikaifuta mbele yake.

"Kuna pipa la takataka huko ndani ya simu, boss," mwanamume akasema. "Fungua."

Nikafungua, nikafuta tena. Shosho akaomba simu aishike, ajionee mwenyewe kwamba picha haipo.