Maji ya Tiyo ya Tano

Hii si hadisi ya kulalisha batoto. Ilinifikia mimi mwenyewe, Butembo, wakati wa vita, saa ine ya asubui, macho yangu wazi. Kama unataka kucheka, cheka sasa, halafu unyamaze usikie.

Nilikuwa natumika ku service ya maji ya kanisa yetu. Pembeni ya muji, juu ya kilima, kulikuwa usine, kiwanda ya zamani ya kinkina, ile miti yenye maganda yake banatengenezea dawa ya malaria. Benyewe balishaenda, lakini petroli na asidi za kazi yao zilibakia ndani ya mapipa, mapipa yakaoza, na ile sumu ikaanza kushuka ndani ya udongo. Chini, ndani ya bonde, kulikuwa chemchem. Na karibu na chemchem, ndani ya madarasa ya shule ya kanisa, balipanga familia zenye kukimbia vita kutoka Eringeti. Dada yangu mukubwa Masika alikuwa kati yao, na batoto bake bane.

Juu ya kujua kama sumu inaelekea chemchem, tulitoboa udongo na kusimamisha tiyo tano, ni kusema bomba nyembamba za plastiki, kutoka usine mpaka bonde. Kila juma mimi na mwenzangu Kahindo tulizipitia zote. Unapima kina na kamba, unatoa yale maji yenye kulala ndani ya tiyo, unayamwaga, unangoja mapya yaingie, ndipo unajaza chupa. Tiyo ya kwanza, karibu na usine, ilinuka vibaya. Ya tano, karibu na chemchem, ilikuwa safi kila mara. Donc, basi, mukubwa wetu, Papa Paluku, alisema kama ikiwa safi mara moja tena, Jumamosi tutafungulia batu robine ya maji ya chemchem. Nilifurahi, juu batoto ba Masika balikuwa banakunywa maji ya muto na banahara.

Ile asubui ukungu ulikuwa muzito. Kahindo alibakia ku tiyo ya ine kwa kuandika, mimi nikashuka. Nikakuta mutu amesimama pale ku tiyo ya tano. Mwanaume, hapana muzee, hapana kijana, na koti ya mvua na buti za kazi. Niliwaza ni mumoja wa batu ba Eringeti. Nikamusalimia kwa Kinande, "Wavukire." Akaitika, halafu akaangalia chupa zangu.

"Mama, unachukua maji ya leo," alisema. "Batu batakunywa leo tu?"

Akanyoosha mukono, nikamupa kamba. Namna gani nilimupa, mimi mwenye sikukubali hata Kahindo aishike? Mpaka leo najiuliza.

Sasa sikiliza vizuri. Ile kamba ilikuwa metre makumi mbili. Nilifunga kifundo kila metre na mikono yangu mwenyewe. Na ile tiyo, ukifikisha metre kumi na ine, umegusa udongo mugumu, basi. Akatelemusha kikopo chenye kufungwa ku ncha ya kamba. Kifundo cha kumi na ine kikapita. Cha makumi mbili kikapita. Kamba ikaendelea kutoka ndani ya mikono yake, kifundo nyuma ya kifundo, bila haraka, na mimi nikahesabu, juu sikuwa na kitu kingine cha kufanya na akili yangu. Nilifika makumi ine na tatu. Niamini. Ndani ya tiyo kukatoka sauti ya maji mengi yakitembea, muto muzima chini ya miguu yetu. Ungeogopa, si ndiyo? Mimi sikuogopa. Nilijikuta nimepiga magoti ndani ya majani, sawa mutu mwenye kuingia kanisani akakuta bote banasali.

Akavuta kikopo, akajaza chupa yangu, akaifunga. Ilinuka petroli, na juu yake mafuta yenye rangi rangi yalikuwa yanazunguka.

"Haya hayajafika," alisema. "Lakini yako njiani."

Niliinama kwa kuandika namba ku ile chupa. Kuinua kichwa, hakuna mutu. Kamba ilikuwa imelala pa majani, vifundo makumi mbili. Nilivihesabu mara tatu. Kahindo akashuka, akaniuliza yule mama muzee wa kitenge cha manjano alikuwa anatafuta nini.

Papa Paluku alinusa ile chupa, akasema nilishika petroli ya pikipiki. Tukarudia kupima: tiyo ya tano ilikuwa safi kama mbele. Akaniletea karatasi ya kusema maji ni mazuri, yenye bila sinyature yangu mimi mupimaji haina nguvu. Nikakatala. Alisema atanifukuza kazi, nikamuambia anifukuze. Halafu nikaenda kuomba bamama bakachote ku chemchem ya ngambo ingine, saa moja ya kutembea, kupita barrière, kizuizi cha basoda benye bunduki.

Masika aliniuliza, "Batoto bangu banahara, na wewe unatufungia maji juu ya ndoto?" Kutoka pale hakunisemesha tena. Kila asubui nilimubebea bidon ya maji, kwenda na kurudi. Kama mutoto hata mumoja angekufa ndani ya zile siku, ningesema nini mbele ya Mungu?

Juma la tatu nilifungua tiyo ya tano, harufu ikanipiga usoni. Nikajaza chupa, nikaisimamisha pembeni ya ile ya kwanza. Harufu moja, rangi moja. Nyuma ya siku mbili chemchem yenyewe ikaanza kutoa mafuta. Papa Paluku alisimama pale, akavua kofia, na hakuirudisha kichwani mpaka tulipofika barabarani. Masika alikuja akanishika mukono, akaushika mda murefu. Batoto bake bote bane bako. Wa kwanza anafundisha shule kule Beu, Beni.

Mimi nilibakia na hii: mukono wangu wa kuume, ule wenye kumupa kamba, ni baridi tangu ile siku, hata Beni ku jua kali. Batu benye kunisalimia banashituka.

Donc wewe, bakikuletea karatasi yenye kusema maji ni mazuri, uliza ni mazuri mpaka siku gani. Na ukikuta mutu ndani ya ukungu, ananyoosha mukono, mupe kamba. Lakini usichungulie ndani ya tiyo wakati anavuta. Mimi nilichungulia. Kule chini kulikuwa mwanga, na batu balikuwa banachota yale maji yenye hayajafika.