Maneno ya Mchumba wa Mhunzi

Miaka kumi na minane Mama Kipaza alikalia stuli ileile kando ya skrini, akitafsiri filamu za kigeni kwa watu waliobanana kwenye mabenchi ya ukumbi wa video. Alikuwa jambazi, jenerali, bibi harusi, hata farasi, wote kwa koo moja na chupa ya maji ya uvuguvugu.

Wiki hiyo mwenye ukumbi alileta filamu iliyotokana na riwaya ya zamani, ile ya mhunzi aliyesingiziwa, akafungwa kwenye machimbo ya chumvi miaka kumi na miwili, kisha akarudi kwa jina la bandia kulipiza kisasi. Mama Kipaza aliijua riwaya hiyo nje ndani. Nakala aliyoachiwa na shangazi yake haikuwa na jalada tena, na ukurasa uliochakaa kuliko zote ni ule ambapo mchumba wa mhunzi, aliyemngoja miaka yote hiyo, anamjibu anapomfokea.

Maana yeye pia aliwahi kungoja. Mumewe alikwenda kutafuta kazi, akapotelea huko miaka saba, akarudi mchana mmoja na swali la kwanza likawa, "Baiskeli yangu iko wapi?" Siku ile ulimi ulimganda, na jambo hilo lilikuwa bado linamuuma.

Alipoitazama filamu peke yake kwanza, damu ilimchemka. Maneno ya mchumba yalikuwa yamekatwa. Mhunzi anafoka, mwanamke analia dakika mbili nzima, muziki unapigwa, basi.

"Hapa nitamsemea," alimwambia mwenye ukumbi.

"Mama, tafsiri kilichopo. Watu wanakuja kuona mapanga. Ukiongeza neno, kazi huna."

"Kilichokuwepo wamekiiba, baba."

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Mwanamke wa kwenye skrini alipoanza kulia, Mama Kipaza alivuta pumzi.

"Unahesabu miaka yako peke yako? Wewe ulifungiwa chini ya ardhi, mimi nilifungiwa mlangoni nikikungoja. Wewe umepata wa kumlipiza kisasi. Mimi nimlipize nani? Usinifokee!"

Mwenye ukumbi akachomoa waya wa kipaza sauti. Mama Kipaza akasimama, akarudia yote kwa sauti kavu, neno kwa neno, mpaka benchi la nyuma likasikia. Kisha akachukua chupa yake, akatoka kichwa juu.

Jumatatu stuli ilikaliwa na bwana mmoja wa sauti nzito. Mama Kipaza alikata tiketi kama watu wengine, akakaa nyuma kabisa, amejiandaa kupiga kelele hata wamtoe kwa kumbeba.

Mhunzi akafoka. Mwanamke akaanza kulia. Bwana wa stuli akanyamaza kama alivyoagizwa.

Kabla Mama Kipaza hajafumbua mdomo, mfua nguo mmoja alisimama benchi la mbele, mikono kiunoni. "Unahesabu miaka yako peke yako?" akaiuliza skrini.

"Mimi nilifungiwa mlangoni!" akadakia jirani yake. Benchi la tatu likapokea, kisha la nne, na ukumbi mzima ukamfokea mhunzi asifoke.

Mwenye ukumbi alikuja mbio, akainama chini ya meza kutafuta waya wa kuchomoa. Hakuuona; sauti hizi hazikuwa na waya.