Harage la Stanislaus

Kule Heru Juu, katika safu nzima ya nyumba za kijiji kipya, hakuna aliyewahi kumsikia Verediana akihesabu watu. Kuku alihesabu, hata mashina ya mihogo. Lakini kumnyooshea binadamu kidole na kusema moja, mbili, hapana. Kwao alilelewa akiambiwa kwamba kuhesabu watu ni kukaribisha mkosi. Basi sensa ya mwaka sabini na nane ilipotangazwa, majirani walicheka: safari hii Verediana amepatikana!

Mwenyewe hakucheka. Aliishi na Niyonsaba, mwanamke aliyekimbia Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mtoto mgongoni. Alikuja kuomba maji, akabaki. Mwaka uliofuata Stanislaus, mume wa Verediana, alifariki, na Niyonsaba ndiye aliyelima shamba msimu mzima wakati mjane amelala kaelekea ukutani. Operesheni ya vijiji ilipowahamishia Heru Juu, wakajenga nyumba moja.

Sasa balozi wa nyumba kumi, Nicodemus, mtu asiyeweza kukaa na habari tumboni, alikuwa amesambaza kwamba Warundi wote wataandikwa, kisha lori litawachukua kuwapeleka kwenye makazi ya wakimbizi, mbali huko. Niyonsaba akafunga furushi lake.

Siku ya kuhesabiwa alifika Mwalimu Hamis, mtu wa Tanga, kajifunika koti kwa baridi ya milimani. Verediana akaweka ungo uani, akataka kila aliyelala nyumbani humo atie harage lake kwa mkono wake, yahesabiwe maharage, si watu. Alitia yeye, wakatia wanawe wawili, Josepha na Crispin, akatia Esteri, binti wa Niyonsaba. Kisha Verediana akatia jingine.

"Hili la nani, mama?"

"La Stanislaus. Kila msimu tukichagua mbegu, namtilia lake."

Mwalimu akashusha kalamu. "Pole, mama. Ila marehemu hawaandikwi."

Verediana akalitoa lile harage, akabaki nalo mkononi. Lilimuuma jambo hilo, tusidanganyane. Kisha akazunguka nyuma ya jiko, alikojificha Niyonsaba na furushi lake, akamtilia harage lile kiganjani.

"Toka ukalitie."

"Dada, wataniondoa."

"Mwanao ametia lake. Utamwacha aandikwe peke yake?"

Niyonsaba akatoka, akalitia unguni. Mwalimu alipomuuliza alikozaliwa, akajibu kwa sauti ndogo kwamba ni Burundi. Kalamu ikaandika. Na uhusiano wake na mkuu wa kaya?

"Mdogo wangu," Verediana akadakia. Mwalimu aliwatazama wote wawili, akaandika na hilo.

Wiki tatu baadaye lori likasikika likinguruma mlimani. Niyonsaba akabeba furushi, akamshika Esteri mkono, akaenda barabarani bila kutoa hata chozi. Alipogeuka kuaga, akamkuta Verediana yuko nyuma yake, furushi kichwani, jembe begani, Josepha na Crispin wakimfuata.

Lori likasimama. Lilikuwa limebeba mabati ya zahanati. Dereva akachungulia dirishani, akauliza kina mama wanahamia wapi na mizigo yote ile.

"Anakopelekwa mdogo wangu," Verediana akajibu.

Dereva akasema yeye hapeleki mtu popote, anatafuta ofisi ya kijiji tu. Hapo ndipo Niyonsaba alipotua furushi lake, akakaa kando ya barabara, akalia.