Waya Uliochomoka Mapokezi

Mwanangu, hebu toa kwanza mikono kwenye hiyo kompyuta. Unasema mtandao umekata, na tayari unataka kufuta mfumo mzima uupange upya? Ebo! Keti hapo nikusimulie. Ipo siku moja ambayo huwa naikumbuka kila nikimsikia kijana akisema mtandao unasumbua.

Nilikuwa kijana wa umri wako, ndiyo kwanza nimetoka chuo, nina kibanda changu cha kutengeneza kompyuta mjini Morogoro. Aliyenisomesha ni Mjomba Salumu, kaka yake mama, mkulima wa ndizi na mdalasini huko juu Kinole. Sisi Waluguru, kama hujui, mjomba ndiye mwenye mtoto. Ukikosea anakugombeza yeye, ukitaka kuoa anaulizwa yeye.

Mjomba alikuwa na presha. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha, kichwa kinamgonga, na jina la dawa hakuna aliyelijua pale nyumbani. Lilikuwa ndani ya faili lake hospitali. Nikapanda kumchukua, tukashuka kwa bodaboda mpaka hospitali moja ndogo ya binafsi huku chini, upande wa Bigwa. Wenyewe walishaachana na makaratasi, mafaili yote yako kwenye kompyuta.

Dada wa mapokezi akatupokea vizuri. "Shikamoo baba. Poleni sana, leo mtandao unasumbua. Faili halifunguki, na bila faili daktari haandiki dawa."

"Marahaba, mwanangu," mjomba akajibu. "Haya, tungoje kidogo."

Tukakaa kwenye benchi. Benchi lote limejaa watu waliotulia kama waliojibanza barazani wakingoja mvua ipite. Ndivyo tulivyo sisi. Tukiambiwa mtandao unasumbua tunaitikia kama tumeambiwa ni kazi ya Mungu. Hakuna anayeuliza unasumbua wapi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo panaponiuma. Kutoka pale nilipokaa nilikuwa nakiona kioo. Ilikuwa kompyuta ya mezani, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, kama hii yako. Kila baada ya muda kidogo yanatokea maandishi ya Kiingereza pembeni: kebo ya mtandao imechomoka. Dada anayafunga, anaizima kompyuta, anaiwasha tena. Yanatokea, anayafunga. Mashine inajitajia ugonjwa wake yenyewe, na mle ndani mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa. Mimi.

Mjomba akanigusa goti. "Wewe si ndiye fundi wa hayo madude? Kamsaidie binti wa watu."

"Mjomba, ofisi ya watu hiyo. Wana fundi wao. Nitaonekana najifanya."

Akanitazama, akaegemeza kichwa ukutani. Tukakaa mpaka jua likapinda, tukaambiwa turudi kesho, tukapanda zetu Kinole, nikalala hukohuko. Na mimi, loo, njia nzima nilijiona mwenye adabu!

Kesho yake mjomba akasema amechoka, hashuki. Keshokutwa yake asubuhi akaanguka kwenye migomba yake, mdomo umekwenda upande, mkono mmoja hauinuki. Kiharusi. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, tukapata gari, tukamrudisha hospitali ileile kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Wauguzi wakampokea mbiombio, hawakuuliza faili, wakaingia naye ndani. Nikabaki mapokezi, mikono haina kazi. Yule dada akaniambia kwa huruma, "Pole kaka. Mtandao bado."

"Dada, naomba unipishe kidogo."

Nikainama chini ya meza. Nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia, pana vitaa viwili vidogo. Vyote vimezima. Kile kidole cha plastiki kinachokishika kichwa cha waya kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo kiti kikisogezwa kidogo tu, waya unachomoka. Nikausukuma ndani. Kitaa cha kijani kikawaka. Basi, hakuna kingine nilichofanya.

Mafaili yakafunguka. Dada akafurahi hadi akapiga makofi. "Mgonjwa wako anaitwa nani?" Nikamtajia. Akaandika, jina likaja, na dawa zake zote chini yake. Nilikuwa bado nazisoma muuguzi alipotoka, akafunga mlango taratibu nyuma yake. Nikajua kabla hajasema.

Nililia, mwanangu, nisikufiche. Lakini mkong'oto wenyewe niliupata matangani. Unawajua watani wetu msibani: wanamwigiza marehemu, wanasema lisilosemeka, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Mtani wa ukoo wetu alikuwa Bibi Mwanaidi, mama mtu mzima mwenye sauti inayofika bondeni. Mimi nilikuwa nimemweleza mama kila kitu, na mama alikuwa amemweleza yeye. Bibi akavaa kofia ya mjomba, akaweka ungo mbele yake, akaanza kuugongagonga kwa vidole kama dada wa mapokezi. "Rudi kesho, mzee, mtandao unasumbua!" Watu wakaangua kicheko. Hata mimi nikacheka. Kisha akahamia pembeni ya mkeka, akakunja mikono, shingo upande, akawa anauchungulia ule ungo.

"Na huyu mnamjua? Huyu ndiye mpwa. Msomi! Ugonjwa wa mashine anauona, dawa yake anaijua, ila kuinuka anaona haya. Mjomba, wewe kufa tu, mimi nina adabu zangu!"

Kicheko kikakatika. Akanigeukia, na sasa hakuwa anatania. "Mficha uchi hazai, mpwa wetu. Na mficha ujuzi anazika."

Maneno hayo ninayo mpaka leo.

Basi sikia. Mtandao ukikata, anza chini. Piga magoti uangalie vitaa. Vimezima? Shika waya, ncha zote mbili, na kama una mwingine ubadilishe. Vikiwaka, ndipo uangalie kama kompyuta imepewa anwani yake ya mtandao. Inayo? Ipigie hodi ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, kwa amri ya ping. Ruta ikiitika, kapige hodi kule unakotaka kufika. Mipangilio ya juu iache mwisho, na habari ya kufuta mfumo usiniletee kabla hujapita huko kote.

Lakini hayo hata mwingine atakufundisha. Langu mimi ni hili: ukijua, inuka useme. Tumelelewa kunyamaza mbele za watu tukadhani ndiyo heshima. Heshima ni kuomba ruhusa. "Samahani dada, naomba niangalie." Maneno hayo hayajamvunjia mtu adabu. Akikukatalia, umekataliwa tu, hujapungukiwa kitu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mara nyingi tumbo lenyewe si lako. Ukiitwa mahali kutengeneza, tazama kwanza benchi, uulize ni nani anayengoja na anaumwa nini.

Mungu akuzidishie ujuzi, mwanangu, na akupe moyo wa kuinuka nao mapema. Asikufikishe siku ya kumtia kaburini mtu uliyekaa naye benchi moja, msaada wake unao mikononi. Amina.