Alimsukuma Akiwa Ameshatoka

Kocha alimsukuma binti yangu aliyekuwa ameshatoka nje ya duara, akamwangusha, akacheka. Uvumilivu wangu uliishia palepale, kwenye mazoezi ya watoto ya sumo, mieleka ya Kijapani ambayo anayetoka duarani ameshindwa, hapa Eagan, Marekani.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, Tanga. Sebule ilinukia mihogo ya kukaanga, na kwenye televisheni mabonge ya wanaume wa sumo walitupa chumvi ulingoni kabla ya kupigana. Nilidhani wanaukoleza ulingo kama mchuzi. Ghafla Baba aliruka kitini. "Kashashindwa huyo! Unamsukumia nini, mshenzi wewe?" Nilidhani anamlilia mtu wake. Sasa najua aliyemkera ni mshindi, kwa kumsukuma mtu aliyekwisha kutoka.

"Ni mchezo tu, mama," kocha aliniambia.

Niliiandikia klabu: "Nalalamika rasmi. Kocha wenu alimwangusha mtoto wa miaka saba pambano likiwa limekwisha. Video ninayo. Mfukuzeni, la sivyo kila mzazi ataiona."