Kuomba Jina Songea

Mwanangu alikuwa na wiki tatu na hana jina. Mke wangu, Skola, alitaka aitwe Kastori, jina la baba yake wa Songea. Lakini kwao jina la mtu aliye hai huombwa kwa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameapa kutokanyaga Tunduru tangu tulipofunga ndoa bila kumngoja amalize mavuno. Basi nikafunga meza yangu ya mitumba, nikabeba mfuko wa korosho za mkwe.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Tunduru. Soko huria lilikuwa limetuletea mabasi mengi ya watu binafsi. Barabara ilikuwa ile ile. Kabla ya Namtumbo tulikwama kwenye tope, na korosho zikaliwa na waliosukuma. Nyingine nilikula mwenyewe, nikiri tu.

Asubuhi ya pili, mtaani Lizaboni, Songea, nilichutama mbele ya Mzee Kastori, mikono mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Jina, baba. Tumepata mtoto wa kiume."

Alichukua fimbo, akaniongoza hadi milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma. Mto huo kwetu unatisha kwa upana. Hapa niliuvuka kwa hatua moja, nikacheka peke yangu.

"Unajua mji huu una jina la nani?" aliuliza.

"La nduna, yule mkuu wa vita wa Wangoni."

"Wajerumani walijenga boma karibu na kwake, wakaliita kwa jina lake. Hawakumwomba. Wakati wa Majimaji wakamnyonga mwenyewe."

Niliingiwa na hofu, maana binti yake nami nilimchukua kwa haraka.

"Wewe angalau umekuja kuomba," alisema.

"Nimpelekee Skola jibu gani?"

"Twende tukale kwanza. Kuna samaki, mbasa wa ziwani."

Kesho yake alfajiri, nikiwa sijapewa jibu, nilimkuta mzee stendi, ameshakaa kiti cha mbele, kuku mapajani, akimgombeza dereva kwa kuchelewa.

Tulipofika Tunduru alimpokea mtoto mlangoni, akaita, "Kastori!" Mtoto akaangua kilio.

"Ameitika," alisema mzee.

Skola alimkumbatia baba yake akilia na kucheka, wala hakuniuliza habari za jina. Ndipo nilipojua alikuwa amenituma kumfuata nani.