Remorke ya ng'ombe na goti langu

Juzi pale Makomeno niliona remorke, lile tela la kubeba ng'ombe nyuma ya gari, na hasira ya zamani ikanipanda yote.

Nilikuwa mutoto mudogo. Baba alinipeleka kuchagua remorke ya kuhamisha ng'ombe zake, kutoka shamba la Kasomeno kwenda lile la Kambove. Safari iliyotangulia, ng'ombe mumoja aliteleza njiani akavunjika muguu, na baba hakutaka kuona tena jambo lile.

Muuzaji alituonyesha remorke mupya, inanuka rangi, chini ni chuma laini kinachong'aa. Baba alimwaga maji ndani, akaniambia, "Panda, mama, kimbia kidogo."

Nilifurahi sana. Nilifikiri ananinunulia mahali pa kuchezea. Nilikimbia, nikateleza, nikagonga goti, nikalia hadi mbwa wa jirani wakaitika.

Baba akaruka ndani. Nilinyoosha mikono anibebe. Alinipita, akainama kupapasa chuma!

"Sitwayen, mutoto iko nalia," muuzaji alimwambia baba, kwa jina la heshima la siku zile.

"Mutoto atasimama yeye mwenyewe. Ng'ombe ikianguka, nani ataiinua? Leta ile ya mbao."

Ng'ombe zote zilifika Kambove zimesimama. Leo mimi pia ni muzazi, na najua alichagua vizuri, maana mbao inashika kwato. Lakini sijamusamehe. Siku ile, njia nzima ya kurudi nyumbani nilingojea aniulize habari ya goti. Mwishowe aligeuka, akaniangalia kwa upendo.

"Mama," alisema, "kesho tutajaribu mulango wa remorke."